Waraka wenye sumu hujifichua kwa lugha yake

Asubuhi moja mwaka wa 2016 nilikuwa ofisini nikisahihisha tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili, barua pepe ikaingia. Ilikuwa na kiambatisho kimoja: ankara ya vitabu. Kwa kuwa wiki hiyo nilikuwa kweli nimeagiza vitabu, sikusita. Nikaufungua waraka ule.

Ndani hamkuwa na ankara. Kulikuwa na herufi zilizovurugika, kama maandishi yaliyoloa mvua, na juu yake sentensi moja ya Kiingereza kisicho na kosa: ikiwa maandishi haya hayasomeki, bonyeza kitufe kilicho hapo juu uruhusu makro. Nami, mtu niliyeishi kwa kusoma na kufundisha wengine kusoma, nikatii. Nikabonyeza.

Saa moja haikuisha. Faili zangu zikaanza kubadilika majina moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyokubali kufunguka. Kisha likatokea tangazo likinitaka nilipe fidia kwa bitcoin ikiwa nazitaka tena.

Miongoni mwa faili hizo mlikuwa na manukuu ya mahojiano niliyofanya na wazee wa Vanga na kisiwa cha Wasini kuhusu Kivumba, lahaja ya kusini mwa pwani yetu. Diski ya nje niliyowekea nakala ilikuwa imechomekwa papo hapo kwenye tarakilishi, nayo ikaliwa pia. Kanda za sauti zilisalia, ingawa baadhi zilikuwa zimeingia ukungu. Wazee wawili kati ya wale walionihadithia walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Neno lililosikika nusu kwenye kanda, nitamuuliza nani sasa?

Nilimwita fundi wa tarakilishi wa chuo, kijana wa umri wa mwanangu. Akatazama, akatikisa kichwa. "Prof," akaniambia, "huyu mwizi hakuvunja mlango. Alibisha hodi, wewe ukamfungulia. Tena alikuandikia barua akakuonyesha ufunguo ulipo."

Kauli hiyo haijanitoka moyoni. Mlango wangu ulifunguliwa kwa sentensi. Ndiyo sababu leo, msomaji wangu, katika safu hii uliyozoea kunisoma nikijadili ngeli na lahaja, nataka tujadili namna ya kubaini msimbo hasidi uliofichwa ndani ya nyaraka. Mafundi wana sehemu yao katika kazi hii. Lakini sehemu kubwa kuliko tunavyodhani ni ya msomaji.

Tuanze na istilahi. Hasidi, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni mtu mwenye husuda, asiyependa kuona mwenzake akineemeka. Tunaposema programu hasidi au msimbo hasidi tunamaanisha maagizo yaliyoandikwa makusudi ili yamdhuru mwenye tarakilishi. Kirusi ni aina mojawapo tu: ni kile kinachojinakili na kuambukiza faili nyingine. Si kila programu hasidi ni kirusi, ingawa mitaani tunaziita zote virusi na mambo yanaeleweka.

Makro nalo ni neno lenye asili ya Kigiriki, lenye maana ya kitu kirefu au kikubwa. Katika tarakilishi ni agizo moja linalobeba maagizo mengi ndani yake. Karani wa shule anayetaka kuandika barua mia mbili za kuwaalika wazazi, kila moja na jina lake, anaweza kuunda makro ikamfanyia kazi yote kwa kubonyeza mara moja. Katika programu ya Word ya kampuni ya Microsoft, makro huandikwa kwa lugha iitwayo VBA. Hii ni lugha kamili ya tarakilishi. Inaweza kufuta faili, kuita programu nyingine, hata kuchota kitu kutoka mtandaoni na kukiendesha.

Hapo ndipo penye kisa. Tukiona waraka tunadhani tumeona karatasi, na karatasi kazi yake ni kusomwa. Kumbe waraka wenye makro ni karatasi yenye mikono.

Kwa muda mrefu hata wajuzi waliamini kwamba kirusi hukaa ndani ya programu tu, na kwamba barua haiwezi kumdhuru mtu kwa kusomwa. Imani hiyo ilivunjika mwaka wa 1995 kilipozuka kirusi kilichoitwa Concept. Kiliandikwa kwa lugha ya makro ya Word na kikasambaa kutoka waraka mmoja hadi mwingine. Hakikuharibu kitu, kilionyesha kisanduku kidogo chenye tarakimu 1, basi. Lakini kilikuwa kimethibitisha kwamba jambo hilo linawezekana.

Miaka minne baadaye, tarehe 26 Machi 1999, kikaja Melissa. Mtu aliyefungua waraka wake alimfanya Melissa ajitume kwa anwani 50 za kwanza kwenye orodha ya mawasiliano yake. Mitambo ya barua pepe ya mashirika mengi ililemewa. Mwandishi wake, David L. Smith wa jimbo la New Jersey nchini Marekani, alikiri kosa, na katika kukiri kwake ilikubaliwa kwamba hasara ilipita dola milioni 80. Mwaka wa 2002 alihukumiwa kifungo cha miezi 20.

Mimi kama mwanaisimu kinachonivutia kwa Melissa ni barua iliyoubeba waraka huo. Ilikuwa fupi mno. Ilitoka kwa mtu unayemjua, maana ilitumwa kutoka kwa orodha ya rafiki yako. Ilisema kwamba huu ndio ule waraka uliouomba. Ikamalizia kwa kukusihi usimwonyeshe mtu mwingine. Angalia ustadi huo: jina unaloliamini, deni usilolikumbuka lakini huwezi kulikana, na siri inayokutenga na yeyote ambaye angekushauri. Ukizisoma barua za ulaghai za leo utakuta mifupa ni ile ile. Kinachobadilika ni nyama tu.

Usidhani madhara haya ni ya faili za maprofesa peke yake. Tarehe 23 Desemba 2015, wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine walikatiwa umeme kwa saa kadhaa baada ya wadukuzi kuingia katika mitambo ya kampuni tatu za usambazaji. Wachunguzi walipofuata nyayo waligundua kwamba safari ya wadukuzi ilikuwa imeanza miezi kadhaa nyuma, kwa barua pepe zilizobeba nyaraka zenye makro. Mfanyakazi alifungua waraka, akaombwa aruhusu, akaruhusu. Taa za watu wakati wa baridi kali zilizimwa kwa mbegu iliyopandwa hivyo.

Basi tutaubaini vipi waraka wa namna hii? Fundi yule alinifundisha kuusoma kwa tabaka tatu, nami nimeongezea yangu.

Tabaka la kwanza ni maneno ya nje, yaani barua yenyewe na kile unachokiona waraka ukifunguka. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waraka wa kweli hauna haja ya kukuelekeza namna ya kuusoma. Ukiona waraka unakueleza kwamba umeundwa kwa toleo jingine la programu, au umelindwa, au maandishi yake yamevurugika, na kwamba dawa ni wewe kubonyeza kitufe cha kuruhusu, basi umeshapata jibu. Programu inayoshindwa kuonyesha maandishi hukwambia kwa sauti yake yenyewe, pembeni mwa ukurasa. Ujumbe unaoandikwa ndani ya ukurasa umeandikwa na aliyekutumia. Laiti ningejiuliza mwaka ule swali ninalowauliza wanafunzi wangu kila siku: nani msemaji hapa?

Dalili nyingine ya tabaka hili ni faili iliyofungiwa kwa nywila, huku nywila yenyewe ikiwa imeandikwa kwenye barua hiyo hiyo. Ya nini kufunga sanduku na kuning'iniza ufunguo juu yake? Sababu ni kwamba mitambo inayokagua barua pepe haiwezi kuona ndani ya kilichofungwa. Kufuli hilo ni la kumzuia askari wa langoni.

Tabaka la pili ni sanduku lenyewe. Tazama kiendelezi, yaani herufi za mwisho wa jina la faili baada ya nukta. Tangu toleo la mwaka wa 2007, waraka wa Word wenye kiendelezi cha docx haupaswi kubeba makro. Unaozibeba huitwa docm. Kile kiendelezi cha zamani cha doc chaweza kubeba au kutobeba, nawe huwezi kujua kwa jina. Kwa hiyo mtu akikutumia docm au doc, una haki ya kuuliza kwa nini.

Lakini jina laweza kudanganya, kama jina la mtu. Mafundi hutazama baiti za kwanza za faili. Waraka wa mtindo wa zamani huanza na D0 CF 11 E0. Zitazame vizuri herufi na tarakimu hizo: zinakaribia kusomeka docfile. Ni mzaha wa waunda programu. Waraka wa mtindo mpya huanza na herufi PK, ambazo ni za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyebuni mfumo wa kubana faili uitwao zip. Hii ni kwa sababu docx kwa hakika ni kifurushi cha zip chenye faili nyingi ndani yake. Fundi huchukua nakala, akabadilisha kiendelezi kuwa zip, akachungulia ndani pasipo kuuendesha waraka kwa Word. Akikuta faili iitwayo vbaProject.bin, amekuta makro. Akizikuta ndani ya kitu kilichodai ni tangazo la mkutano, hana haja ya ushahidi mwingi zaidi.

Tabaka la tatu ni msimbo wenyewe. Kuna zana za bure, mojawapo ikiwa olevba iliyoandikwa na Mfaransa Philippe Lagadec, ambazo huzitoa makro nje ya waraka ili zisomwe kama maandishi tu. Msomaji hutafuta mambo mawili hasa. Kwanza, je, kuna jina kama AutoOpen au Document_Open? Majina hayo huiambia Word: mara tu waraka ufunguliwapo, anza. Pili, je, kuna vitenzi vya kutoka nje ya waraka? Shell huita programu nyingine. CreateObject huweza kuita zana za mfumo mzima. URLDownloadToFile huchota faili mtandaoni. Moja peke yake si hatia. Lakini makro inayojiendesha yenyewe, inayochota kitu nje na kukiendesha, inafanya kazi gani ndani ya ankara ya vitabu?

Wahalifu wanajua kwamba maneno hayo yanatafutwa, kwa hivyo huyaficha. Hapa ndipo nilipocheka, hata katika huzuni yangu. Wewe uliyekulia pwani, au uliyekaa na watu wa huko, unaujua mchezo wa kinyume: silabi ya mwisho hupelekwa mbele ili mgeni asielewe. Kesho huwa shoke, sumu huwa musu. Vijana wa Sheng nao hawajauacha. Basi waandishi wa makro hasidi hucheza mchezo uo huo. PowerShell, zana ya Windows ya kuipa tarakilishi maagizo, huandikwa kutoka nyuma kwenda mbele ikawa llehsrewop, kisha VBA huamriwa iigeuze kwa amri ya StrReverse. Au neno hukatwa vipande, po hapa, wer pale, shell kule, yakaunganishwa dakika ya mwisho. Au kila herufi hubadilishwa kuwa nambari.

Lakini ufichaji una gharama yake. Karani mwaminifu huita makro yake jina linaloeleweka, kwa kuwa kesho atataka kuirekebisha. Mhalifu huijaza majina ya herufi zilizookotwa ovyo na mistari mamia isiyofanya lolote. Unapoona msimbo uliofanya bidii namna hiyo ili usisomeke, huhitaji kuuelewa wote. Mtu anayenong'ona kwa kinyume mbele ya duka lako usiku hana haja ya kutafsiriwa.

Nisikudanganye kwamba tabaka hizi tatu zinamaliza kila kitu. Wapo wanaofuta maandishi ya makro na kuacha umbo lake lililokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya mashine, hivi kwamba msomaji akichungulia haoni kitu. Zipo pia nyaraka zinazodhuru pasipo makro yoyote. Mwaka wa 2017 iligunduliwa kasoro katika kipande cha programu cha kuandikia milinganyo ya hisabati, kilichoundwa mwaka wa 2000 na kusahaulika humo ndani. Kufungua waraka tu kulitosha. Mei 2022 ikagunduliwa kasoro iliyopewa jina la Follina, ambapo waraka usio na makro ulichota maagizo kutoka mtandaoni kwa kujifanya unatafuta kiolezo chake. Dhidi ya hayo usomaji wako hautoshi. Dawa ni kusasisha programu kila mara unapoambiwa na programu yenyewe, na kuacha kutumia programu za kunakiliwa mitaani ambazo hazipati marekebisho.

Afueni imekuja kiasi. Mwaka wa 2022 Microsoft ilianza kuzizuia kabisa makro za faili zilizotoka mtandaoni, badala ya kumwuliza mtumiaji. Wahalifu wengi wakahamia aina nyingine za viambatisho. Lakini kinga hiyo hutegemea alama inayowekwa kwenye faili inapopakuliwa, na flashi nyingi haziwezi kuibeba alama hiyo. Waraka ukipitia sibakafe, ukaingia kwenye flashi, ukafika kwako mkononi, unaweza kuonekana kama uliozaliwa nyumbani. Nasi Wakenya tunapenda flashi.

Kwa hiyo ninafanya nini siku hizi? Nikitilia shaka waraka, nampigia simu aliyeutuma kwa nambari niliyokuwa nayo tangu awali. Siijibu barua, maana huenda nikamjibu mwizi. Nikilazimika kuutazama, nautazama kwa huduma ya mtandaoni kama Google Docs, ambayo haiendeshi makro za VBA. Zipo tovuti kama VirusTotal zinazokagua faili kwa programu nyingi za kinga kwa pamoja, lakini kumbuka kwamba unachokipakia huko kinaweza kuonwa na watu wengine. Usipeleke huko mtihani ambao haujafanywa, wala faili ya mgonjwa. Nakala zangu ziko mahali pawili, na mojawapo ni diski ambayo huchomolewa mara tu inapomaliza kazi na kurudi kabatini. Na kama umeshabonyeza, ikate tarakilishi kutoka kwa mtandao papo hapo, mwite fundi, na ubadilishe nywila zako ukitumia mashine nyingine. Usione haya kusema. Haya ndiyo iliyonichelewesha mimi kwa dakika arobaini.

Nimalizie pale nilipoanzia, kwenye sentensi. Kitufe nilichobonyeza kiliandikwa Enable Content. Tungekitafsirije? Wengi wetu tungesema wezesha maudhui, na tungekuwa tumekosea vibaya. Kuwezesha kwetu ni neno la heri: tunawezesha vijana, tunawezesha akina mama. Nani atakataa kuwezesha? Na maudhui ni yale yaliyomo ndani, mambo ya kusoma. Lakini kitufe kile hakikuhusu kusoma hata kidogo. Kilinitaka niukabidhi waraka mamlaka juu ya mashine yangu. Kiingereza chenyewe kilikuwa kimeficha jambo hilo, na tafsiri ya neno kwa neno ingelificha mara ya pili.

Wanaotafsiri programu kwa Kiswahili, na wanafunzi wangu mnaotamani kazi hiyo, zingatieni hili. Kitufe cha namna hiyo kingeandikwa: Ruhusu waraka huu uiamuru tarakilishi yako. Ni maneno marefu, najua, na wachora vitufe watalalamika kwamba nafasi haitoshi. Lakini mwaka ule ningeisoma sentensi hiyo, nadhani mkono wangu ungesita. Na kusita kidogo tu kungetosha kuyaokoa maneno ya wazee wangu wa Vanga na Wasini.